Chini ya Daraja la Lubondja

Mkifika kwenye daraja, wanangu, msianze kulipanda. Shukeni kwanza. Acheni pikipiki kando ya barabara, kunjeni suruali, mteremke hadi kwenye maji. Huko chini ndiko mtakakojua kama mna daraja, au mna mbao tu zilizosahau kuanguka. Ninawaona ninyi vijana wa brigedi ya barabara mnafika na simu zenu, mnapiga picha kutoka juu, mnarusha kile kidude kinacholia kama nyuki, halafu mnaondoka na viatu vikavu. Kidude chenu sikidharau. Kinafika mahali ambapo magoti yangu hayafiki tena. Lakini hakijui baridi ya maji, na maji ndiyo yenye habari.

Mimi nimestaafu. Huku Baraka wengi hawajui jina langu la ubatizo. Wananiita Mama Kilalo, maana kilalo ndiyo daraja kwa Kiswahili chetu. Nilisomea ujenzi pale Fizi, msichana peke yangu darasani, na nilipoingia brigedi ya barabara wanaume waliniuliza kama nimekuja kuwapikia. Nikawajibu kwamba kupika najua, ila wao hawatakula. Wakacheka, wakanipa nyundo. Ndivyo nilivyoanza.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Papa Etabo, mkuu wa brigedi yetu, mtu mfupi mwenye masikio makubwa, na masikio hayo ndiyo yaliyokuwa chombo chake cha kazi. Aligonga kila ubao wa daraja kwa nyundo, kisha akasimama kimya kama mtu aliyepiga hodi.

"We unanunuaka chungu ku soko bila kuigonga?" aliniuliza.

Nikasema hapana.

"Basi ubao ni vile vile. Ubao muzima unaitika. Ubao ya kuoza inakohoa."

Kwa muda mrefu sikusikia kikohozi chochote. Nilisikia ko, ko, ko, kila ubao sauti ile ile, nikaanza kudhani mzee ananichezea. Halafu asubuhi moja, kwenye kidaraja cha njia ya mashamba, nikagonga, na ubao ukanijibu kwa sauti nzito ya ndani, kama mtu mwenye kifua. Nikachomeka bisibisi. Ikazama yote hadi kwenye mpini. Juu ubao ule ulikuwa safi, mgumu, umekauka vizuri. Ndani ulikuwa unga. Nilipiga kelele za furaha mpaka mwenye shamba akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka.

Msidhani baada ya hapo nilikuwa mjuzi. Safari yangu ya kwanza kutumwa peke yangu ilikuwa Swima, kule mwambao wa ziwa. Pikipiki ilipopita, daraja zima lililia, likacheza, likalia tena. Nikasimama katikati, nikanyoosha mikono, nikafunga barabara. Wavuvi wakabaki upande mmoja na samaki wao, wanunuzi upande mwingine, jua linapanda. Papa Etabo alitafutwa, akaja, akashuka chini, akakaa huko kitambo, kisha akapanda akiwa na karanga mdomoni. Akanipa spana ya kukazia bolti.

"Kaza bulo zako, mama. Kilalo ya mbao yenye kulia iko na uzima. Ogopa ile yenye kunyamaza."

Samaki waliokwisha kulegea walinunuliwa na brigedi. Tulikula samaki mpaka tukachoka, na kila sahani ilipowekwa mtu aliniuliza kama nimesikia samaki analia.

Kazi nyingine mliyonayo si kusikiliza mbao, ni kusikiliza watu. Kule Lulimba, kwenye machimbo ya dhahabu, niliwahi kukuta vijana wanachimba mchanga pale pale kwenye mguu wa daraja. Mguu ninaousema ni ule ukuta wa mawe wa ukingoni unaobeba kichwa cha daraja. Nikawauliza wanafanya nini. Mmoja akanijibu kwa heshima zote, "Mama, kilalo hatuigusi. Tunatoa tu muchanga yenye iko chini yake." Sikumfokea. Nilimwomba asimame chini ya daraja lile na kuendelea kuchimba wakati mimi ninaita kamyo ya mizigo ipite juu. Alifikiri kidogo, akawaita wenzake, wakahamia mbali. Mtu akishaona mwenyewe, hamhitaji bango.

Lakini ninachotaka kuwapa leo ni jambo moja, nalo ni kuchagua. Kupima daraja kila mtu anaweza kujifunza. Kuchagua ndiko kunakoondoa usingizi. Mbao hazitoshi, simenti haitoshi, barabara zikifungwa kwa vita hata mnachokuwa nacho hakifiki, na madaraja yote yanaumwa kwa pamoja. Papa Etabo alikuwa na maswali mawili tu. La kwanza: itaanguka lini? La pili: ikianguka, nani atabakia ng'ambo? Daraja baya sana ambalo lina kivuko cha kina kifupi pembeni linaweza kungoja. Daraja zuri ambalo watu hawana njia nyingine, hilo likipata homa kidogo tu, amkeni.

Papa Etabo alikuwa amekwisha kufariki, na mimi nilikuwa nimebakiza muda mfupi kabla ya kustaafu, siku maswali yake yaliponirudia yote mawili kwa mpigo.

Wafadhili walikuwa wametuletea vifaa vya daraja moja. Moja tu. Pamoja navyo alikuja Injenyeri Bahati, kijana wa Bukavu, mpole, msomi wa kweli, na mtu asiyeona aibu kuuliza. Tulipita naye barabara zetu, tukagonga, tukachomeka, tukaingiza nondo majini. Mwishoni tukabaki na madaraja mawili. La kwanza lilikuwa lile lile la Swima. Mbao zake zilikuwa zimetoboka, unaona maji katikati ya vidole vyako. La pili lilikuwa kwenye njia ya Lubondja, ambako mihogo na karanga za soko la Baraka zinatoka, na hakuna njia nyingine ya kuzifikisha. Hilo lilikuwa zuri. Mbao nzima, vyuma vya pembeni vimepakwa rangi nyeupe, maharusi walikuwa wanapigia picha pale.

Nilisema tutengeneze lile zuri.

Mkutano ulifanyika Baraka, kwenye jumba la parokia. Walikuja wavuvi, wakulima, wachuuzi, na wakimbizi wa Burundi wanaolima upande wa Lubondja. Nilipomaliza kusema, Mama Zawadi akasimama. Mama Zawadi anauza ndagala Swima, na sauti yake imezoea kushindana na injini za mitumbwi.

"Mama Kilalo, we uko muzima?" akauliza. "Kilalo yetu inakula batu miguu! Juzi beseni yangu ya ndagala imepita ku tundu, yote, samaki imerudia mu maji vile haijavuliwa! Na we unataka kutengeneza kilalo ya kupigia bibi harusi picha?"

Jumba zima likacheka, nami nikacheka pia, maana alisema kweli. Nikangoja watulie.

"Mama Zawadi, tundu lako unaliona?"

"Naiona! Nani asiyeiona?"

"Njo sababu hujaanguka. Unaiona, unaruka. Kule Lubondja tundu iko chini ya mguu, ndani ya maji. Hakuna mwenye anaiona, kwa hiyo hakuna mwenye anaruka."

Akabaki na mikono kiunoni. Sikuwa nimemshinda. Nilikuwa nimemfanya anyamaze, na hayo ni mambo mawili tofauti. Injenyeri Bahati akainuka, akasema kwa upole kwamba kabla ya kuamua angependa kuuona mguu huo kwa mkono wake. Siku moja kabla tulikuwa tumepita pale jioni, naye alikuwa akisoma vipimo ndani ya gari wakati mimi nimeshuka mtoni.

Tukaenda. Gari lilipokaribia daraja nikaomba nishuke, nikavuka kwa miguu. Injenyeri akanifuata na gari, akaegesha ng'ambo, akavua viatu. Alipofika ukingoni akasita.

"Huku kuna mamba?"

"Mamba iko mu ziwa, Injenyeri. Huku ni kaa tu."

"Kaa wanauma?"

"Wanauma kidogo."

Akaingia. Nikampa nondo, nikamwonyesha pa kuichomeka, pale ukuta wa mawe unapokutana na kitanda cha mto, upande wa Lubondja. Nondo ikigonga jiwe, mkono unapata pigo dogo. Ikiingia mchangani, inakwama polepole. Ikipita mahali pasipo na kitu, hakuna pigo wala kukwama. Mkono unaendelea tu kwenda, na roho inashuka pamoja nao. Niliutazama uso wa Injenyeri. Niliona nondo ilipofika pasipo na kitu, maana macho yake yaliacha kutafuta kaa.

Akainama, akaingiza mkono chini ya ukuta, maji yakamfika shavuni. Aliposimama, alifuta maji usoni.

"Mama," akasema, "tumepita hapa na gari sasa hivi."

"Ndiyo."

"Na wewe ulishuka ukasema unanyoosha miguu."

"Gari ndogo itapita, hilo nilikuwa najua. Magoti yangu njo hayakujua."

Alicheka, kicheko cha mtu aliyeponea, akapanda juu kuvaa viatu. Siku ile ile aliwaambia watu kwa maneno mazito kuliko yangu: mto ulikuwa unakula chini ya mguu ule, na mafuriko makubwa yangeweza kuumaliza. Vifaa vikaenda Lubondja.

Swima hatukuiacha yatima. Kule wapo mafundi wa mitumbwi, na mtu anayeunganisha mbao zisiingize maji ya ziwa hashindwi kuziba matundu ya daraja. Tuliwapa misumari na kamba ya kupimia, wao wakatoa mbao na mikono. Mama Zawadi alikuja kuwasimamia, akaniambia mbele yao wote, "Sawa. Lakini ukidanganya, nitakuya kula kwako mpaka mwaka iishe." Nikamwambia alete na ndagala.

Kazi ya Lubondja ilikuwa ya mawe. Tunatengeneza makapu makubwa ya waya, tunayapanga kwenye mguu, tunayajaza mawe, tunayafunga. Maji yakija yanakuta kapu zito linaloinama bila kuvunjika. Mawe yalibebwa na watu wa kijiji pamoja na wakulima Warundi. Mwanamke mmoja wao, Konsolata, ndiye aliyewapanga wabebaji mstari. Alikuwa mwembamba, mwenye kucheka kwa urahisi, na alikuwa na mwiko mmoja: jiwe la mviringo halipiti. "Hili litatembea," alisema, akalitupa. Sikumfundisha hilo. Alikuwa amelijua kwa kujenga matuta mashambani.

Tulipanga kumaliza kabla ya mvua. Mvua haikuuliza mpango wetu. Ilianzia milimani usiku tukiwa tumemaliza pembe moja ya mguu, na pembe ya pili ikiwa na makapu machache tu. Kulipopambazuka mto ulikuwa mwekundu, unabeba majani ya migomba na vigogo. Nikaweka matawi katikati ya barabara pande zote mbili, nikafunga kitambaa chekundu, nikatangaza kwamba kamyo haipiti.

Ilikuwa siku ya soko.

Kamyo ya kwanza ilikuwa ya Amisi. Amisi alikuwa shofere wa njia ile kwa miaka mingi, mtu wa vichekesho, anayejulikana kwa honi yake kabla ya kuonekana. Alikuja amejaza magunia ya mihogo na karanga, na juu ya magunia watu, na juu ya watu kuku. Akasimama mbele ya matawi yangu, akapiga honi kama vile matawi yangesogea.

"Mama Kilalo! Toa sombe yako mu barabara!"

Matawi yangu aliyaita majani ya mihogo ya kupika. Nikamweleza. Akashuka, akatembea hadi katikati ya daraja, akaruka juu na chini mara kadhaa mbele ya abiria wake. Daraja halikusema kitu. Nililitamani lilie.

"Unaona? Iko nguvu kama kanisa! Miye nimepita hapa juzi na mizigo mingi kuliko hii."

"Juzi maji ilikuwa ku kifundo ya mguu, Amisi. Leo angalia."

"Maji inapita chini, miye napita juu. Tutakutana wapi?"

Watu wakacheka. Juu ya kamyo mtu akasema nimehongwa na wachuuzi wa Swima, mwingine akasema nimezeeka. Injenyeri Bahati alikuwa ng'ambo na gari lake, sauti haikumfikia kwa sababu ya mto. Nikajiona mwenyewe jinsi nilivyokuwa: mama mwenye kitenge kilicholowa, ameshika nondo, anawazuia watu kwenda sokoni kwa sababu ya kitu ambacho hata yeye hawezi tena kuwaonyesha, maana maji yalikuwa yameufunika mguu wote. Wanangu, hapo ndipo kazi yetu inapouma. Mnaweza kuwa na vipimo vyote, na bado mkajiuliza: je, kama nimekosea?

"Na ikisimama?" Amisi akauliza, safari hii bila mzaha. "Mufuriko ipite, kilalo isimame, na miye nimepoteza soko?"

"Ikisimama utanicheka," nikamwambia. "Unicheke mpaka uchoke. Nitakubali."

Alitaka kujibu, lakini kutoka juu ya magunia mtu akaanza kushuka. Alikuwa Konsolata. Mgongoni alikuwa na mtoto wake mdogo, amefungwa kwa vitenge viwili, na kichwa cha mtoto kilikuwa kimelala vibaya, kama kichwa cha mtoto mwenye homa kali. Alikuwa anampeleka hospitali ya Baraka.

Sikuwa nimemwona. Nilikuwa nimewaza mizigo, sikuwaza kwamba juu ya mizigo ile yupo mtoto anayesubiri dawa. Nikadhani atanilaani.

Hakunilaani. Aliwageukia abiria wenzake.

"Mimi nilibeba mawe ya hapa," akasema. "Najua yamefika wapi na hayajafika wapi. Pembe ile iko tupu. Mimi natembea."

Kisha akanitazama. "Mama, kwa miguu itanibeba?"

"Kwa miguu itakubeba. Nakupeleka mwenyewe."

Hilo nililijua kwa hakika, na uhakika huo niliufurahia kama maji baridi. Uzito wa mama na mtoto kwa daraja lile ni kama inzi kwa ng'ombe. Tukavuka tukiwa tumeshika chuma cha pembeni, mto unanguruma chini, yeye akiimba polepole kwa Kirundi, sijui kwa ajili ya mtoto au kwa ajili yangu. Ng'ambo, Injenyeri hakuuliza swali. Alifungua mlango, akawapakia, gari likaondoka kuelekea Baraka.

Wengine walipoona hivyo wakashuka. Tuliwavusha wachache wachache, kuku nao, kila mtu na gunia aliloweza kubeba. Upande wa pili pikipiki za Baraka zilikuwa zimeanza kukusanyika, maana habari ya abiria waliokwama husafiri mbali kuliko honi ya Amisi. Mchana ulipofika mihogo mingi ilikuwa njiani kwenda sokoni. Amisi alibaki na kamyo yake tupu. Hakunitukana. Alikaa kwenye kiti chake, mlango wazi, akitazama maji, na mimi nilikaa juu ya jiwe upande huo huo nikitazama maji, kwa saa nyingi. Kigogo kimoja kikubwa kilikuja, kikagonga mguu wa daraja. Sote wawili tulisimama. Kikazunguka, kikapita.

"Imesimama," Amisi akasema.

"Imesimama," nikasema.

Siku iliyofuata maji yalishuka kama yalivyokuja. Daraja lilikuwa pale pale, jeupe, linang'aa kwa mvua. Na watu walianza, kama nilivyoahidi. "Mama Kilalo, mbona kilalo yako imekataa kuanguka?" "Mama, uliota?" Amisi ndiye aliyeongoza. Alipiga honi na kunipungia kitambaa chekundu changu mwenyewe. Nilikuwa nimekubali, basi nikakubali.

Injenyeri Bahati alirudi kutoka Baraka. Kabla hajafungua mlango nilikuwa nimeshafika dirishani.

"Mutoto?"

"Anakunywa uji," akasema. "Malaria. Daktari anasema tumefika wakati mzuri."

Nikamfungulia mlango. Kisha nikachukua nondo, nikashuka mtoni, maana bado nilikuwa na mgonjwa mwingine.

Niliogopa kuchomeka, niseme kweli. Nilianza pembe tuliyoimaliza: pigo la jiwe, pigo la jiwe, pigo la jiwe. Nikaenda pembe ya pili. Mto ulikuwa umechimba pale, umechimba zaidi kuliko nilivyotegemea. Lakini yale makapu machache tuliyokuwa tumeyaweka yalikuwa yameteremka ndani ya shimo lenyewe, yamejikunja, yamekumbatia mguu kama mbwa anavyolala miguuni pa mwenyewe. Mawe ya Konsolata hayakutembea. Ukuta haukuwa na ufa mpya. Nikapitisha mkono kote, nikarudia, nikarudia tena, nikaanza kucheka peke yangu ndani ya maji, kucheka na kulia, sijui kipi kilikuwa kingi.

Injenyeri akainama kutoka juu, uso umebadilika.

"Mama! Kuna nini?"

"Hakuna kitu!"

"Nini?"

"Hakuna kitu, Injenyeri! Hakuna kitu kabisa!"

Hiyo ndiyo taarifa nzuri kuliko zote nilizowahi kutoa katika kazi, na haikuandikwa popote. Mkitengeneza vizuri, wanangu, hakuna atakayewapigia makofi, kwa sababu hakuna kitakachotokea. Kamyo itapita, watu watafika sokoni, mtoto atakunywa uji. Fundi wa gari huwa anasikia injini ikiwaka. Sisi husikia kimya tu. Kipendeni.

Tulimaliza makapu yote jua liliporudi. Konsolata alikuja kubeba mawe tena, mtoto akiwa chini kivulini, akirusha vijiwe kwenye kapu na kushangiliwa na wabebaji kila kimoja kilipoingia. Mama Zawadi naye alitutumia ndagala kutoka Swima, bila neno lolote, na mimi nikaelewa kwamba hatakuja kula kwangu mwaka mzima.

Siku tulipozifungulia kamyo barabara, Amisi alikuwa wa kwanza, amejaza kama kawaida. Alikuwa amenicheka soko zima la Baraka, kwenye vibanda vyote vya chai, mpaka watoto wakajua kisa. Lakini alipofika kwenye daraja alizima injini, akashuka, akaja niliposimama, akasema kwa sauti ambayo abiria wake hawakuisikia.

"Mama, ile siku, na mizigo yangu yote. Ingeanguka?"

Ningeweza kusema ndiyo. Heshima yangu ingerudi yote mchana ule.

"Sijui, Amisi."

"Hujui?"

"Sijui. Na namushukuru Mungu sijui."

Alivua kofia. Kisha akatoa kicheko kile chake cha kutoka tumboni, akafuta uso kwa kofia.

"Basi na miye nashukuru," akasema, akapanda kwenye kamyo, akapiga honi, akawapeleka watu sokoni.